Wiki ya Dani Ilianza Jumapili

Nyinyi watu wa darasa ya Jumamosi, kaeni chini. Wewe wa nyuma mwenye headphone, toa moja, hiyo ingine baki nayo. Anti Rispa amesema niwaandikie kitu kabla hamjagusa code ya kalenda, na mimi Anti Rispa akisema kitu sibishani. Watu wengine wote nabishana nao.

Najua mnacheka. Omondi, miaka thelathini na tatu, ati amestaafu. Ndio, nimestaafu. Nimebishana na siku saba kwa miaka kumi na moja, na hizo siku zimenishinda. Sasa niko Ahero na mpunga yangu. Mpunga haina update. Kuna mafuriko, sawa, lakini angalau mafuriko haikuulizi password.

Mjue kwanza hii kazi hakuna mtu alinifundisha shuleni. Niliingia kwa duka ya Anti Rispa, kule Kondele, Kisumu, kuchapisha barua ya kuomba kazi. Printa ikakwama. Nikaipigia kelele, nikaifungua, nikatoa karatasi ilikuwa imejikunja ndani kama mboga, ikaanza kutembea. Anti akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Mdomo yako ni kubwa, lakini mkono iko sawa. Rudi kesho." Hiyo barua ya kazi sikuwahi kuipeleka popote.

Duka ilikuwa inachapisha kadi za harusi, vitabu vya mazishi, na kila mwisho wa mwaka kalenda za ukutani. Makanisa, shule, mwenye duka ya mbolea, kila mtu alitaka yake na picha yake. Na Anti alikuwa anatengeneza hizo kalenda bila kuhesabu kitu. Nilidhani ni uchawi. Siku moja akanionyesha sanduku iko chini ya meza, imejaa kalenda za zamani. "Kalenda ziko kumi na nne tu duniani," akasema. "Mwaka inaweza anza na siku saba. Na kila moja, ama Februari iko na siku ishirini na tisa ama haina. Saba mara mbili. Tafuta ile inafanana na mwaka inakuja, badilisha picha, badilisha namba ya mwaka, enda ulale."

Nyinyi mnauliza mashine kila kitu, ebu mwambieni huyo mashine awaonyeshe sanduku kama hiyo.

Lakini hata Anti alikosea. Mwaka mmoja alibadilisha picha, akabadilisha namba, akasahau Pasaka. Ikabaki palepale ilikuwa kwa ile kalenda ya zamani. Pasta akakuja dukani na kalenda imekunjwa chini ya kwapa, akauliza kwa upole sana, "Rispa, Yesu alikuambia atafufuka lini?" Anti mpaka leo hapendi hiyo hadithi. Nimeiweka hapa kwa sababu haniwezi, niko Ahero.

Sasa makosa yangu. Nitawapa machache tu, zingine nimewaachia mjitafutie.

Kalenda ya kwanza nilitengeneza na code ilikuwa ya kwaya. Nafasi ya kuandika siku ilikuwa ndogo, na nilikuwa nimeona kwa Kingereza wanakata jina, wanabakisha herufi tatu. Nikakata. Sikuangalia. Tukachapisha zote, zikaenda. Ikatoka hivi: Jum, Jum, Jum, Jum, Alh, Iju, Jum. Mwenyekiti wa kwaya akanipigia simu. "Bwana Omondi, hapa inasema mazoezi ni Jum. Tumekuja Jum. Hatukuona mtu." Nikawaka. Nikamwambia si aangalie tarehe, tarehe iko hapo, ama macho yake ni ya mapambo! Anti akaninyang'anya simu, akaomba msamaha, akakata, akaniambia, "Nafasi ikiwa ndogo unapunguza maandishi. Hupunguzi siku ya mtu." Nikajaribu kwa Dholuo, nikidhani huko niko salama kwa sababu ni lugha ya mama. Ikatoka Tic, Tic, Tic, Tic. Siku nne zinaanza na Tich, yaani kazi, zinalia kama saa ya ukutani.

Kwa hivyo kukata jina ya siku, muulize mwenye lugha. Na usichukue namba ndani ya jina ukadhani ni namba ya siku. Jumatatu iko na tatu ndani, lakini kompyuta nyingi inaiita moja. Jumanne iko na nne ndani, na hiyo siku nyanya yako anaiita Tich Ariyo, ambayo ni kazi ya pili. Kiswahili inaanza kuhesabu Jumamosi. Dholuo inaanza siku ya kutoka kwenda kazi, Wuok Tich, ndiyo Jumatatu yetu. Mtu wa Sabato anaanza Jumapili ndio Jumamosi ikuwe ya saba. Wote wako sawa. Mimi nilibishana nao wote, na wote wakahamia kwa kalenda ya mtu mwingine.

Halafu saa. Hapo tulikuwa tumeshaingiza kalenda kwa simu za watu, ikawa app. Chama ya kina mama waliniambia mkutano ni saa nane. Nikaandika nane. Kompyuta haijui kwamba sisi siku inaanza jua ikitoka, yenyewe inahesabu kutoka saa sita usiku. Simu za kina mama zikalia asubuhi saa mbili. Wakavaa, wakatoka, wakafika kwa mwenye nyumba wakamkuta na ndoo na kitambaa ya kupiga deki, unga ya chapati haijatoka kwa pakiti. Mwenyekiti akanipigia.

"Omondi, wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa hapa Kisumu, Mama."

"Kisumu gani hiyo, yenye watu wanakula chapati ya mkutano saa mbili asubuhi?"

Kuanzia hiyo siku, app yetu mtu akiweka saa inamuuliza: asubuhi, mchana, jioni ama usiku? Watu wa Nairobi waliona ni ushamba. Wacha waone.

Na ile ya siku ya kuzaliwa. Baba mmoja alikuja dukani mwenyewe, na mtoto mkononi kama ushahidi. "Huyu amezaliwa tarehe tisa. Simu yako inasema nane. Unataka kuniambia sikuwa hapo?" Ilikuwa hivi: nilikuwa nimeweka tarehe pamoja na saa, saa sita usiku kamili, halafu kompyuta ikapeleka kwa saa ya dunia. Sisi tuko mbele masaa tatu. Ukirudisha nyuma masaa tatu kutoka hapo, uko jana. Mtoto akazaliwa jana yake. Siku ya kuzaliwa ni siku, si dakika. Iandike mwaka, mwezi, tarehe, basi, na usiipatie saa hata ikikuomba.

Haya. Hizo zote ni za kucheka. Ile yenye ilinifunga mdomo ni ya Dani.

Dani ni nyanya kwa Dholuo, na huyu Dani Dorina ni mama yake Anti Rispa. Anaishi Kombewa peke yake, na kuku, na maoni. Macho yake yote mbili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. La kulia halikuwa linaona kitu. La kushoto lilikuwa linaona mwanga, na kitu kubwa nyeusi ikiwa karibu. Huyu ni mama alikuwa anajisomea Biblia yake kila asubuhi. Miaka tatu sasa alikuwa anasomewa na majirani, na alikuwa analalamika wanaruka mistari. "Wanadhani sijui," alikuwanga anasema. "Najua. Wanaruka majina magumu." Mimi nilimjua macho ikiwa tayari imefunga, kwa hivyo alinijua kwa kelele tu.

Ikasikika kuna timu ya madaktari wa macho inakuja. Siku moja tu Kombewa, kwa uwanja wa kanisa, Jumatano. Kesho yake Port Victoria, halafu wanaenda zao. Anti alikuwa amempeleka Dani kupimwa, akaambiwa wasingoje mwaka mwingine, kwa sababu la kushoto nalo lilikuwa linafunga. Akaandikishwa jina. Anti alifurahi mpaka akafunga duka mapema, na hiyo hamtaiona tena maishani.

Sasa, kwa app yetu kulikuwa na kitufe ya kuchapisha mwezi kwa karatasi. Kila mwezi Anti alikuwa anachapisha moja na kutuma kwa Dani, wino nyeusi tu, na siku muhimu tunaweka nukta kubwa nyeusi ndani ya sanduku yake. Kanisa, nukta. Dawa ya presha, nukta. Dani alikuwa anaitundika kwa msumari karibu na mlango, mahali kuna mwanga.

Wiki moja kabla ya madaktari, mimi nikaamua kusafisha code. Hakuna mtu alinituma. Nilikuwa nimesoma mahali fulani, nikajisikia mjanja. Zamani nilikuwa nimeiambia app moja kwa moja kwamba wiki inaanza Jumapili, kama kalenda za Anti. Nikatoa hiyo. Nikasema wacha locale iamue. Locale ni ile maneno kidogo unaandika kuambia kompyuta mtu huyu anatumia lugha gani na ni wa nchi gani. Yetu ilikuwa imeandikwa sw-KE. Kiswahili, Kenya. Nikaangalia hiyo KE, nikajiuliza ni ya nini. Kiswahili si ni Kiswahili? Nikaifuta.

Ukiambia kompyuta "Kiswahili" na usiseme cha wapi, inajiamulia ni cha Tanzania. Na kwa vitabu vyake, wiki ya Tanzania inaanza Jumatatu, yetu inaanza Jumapili. Sikujua. Nilijaribu kwa laptop yangu, ambayo iko kwa Kingereza. Ikakaa sawa. Nikaenda kula samaki. Kesho yake Anti akachapisha mwezi mpya na nukta ya madaktari, akatuma kwa Dani.

Jumatano ikafika. Mpango ilikuwa jirani mwenye pikipiki ampeleke Dani asubuhi, halafu mimi na Anti tufike alasiri kumchukua akiwa amefungwa jicho. Tulifika uwanja wa kanisa saa tisa na nusu. Walikuwa wanakunja hema. Kwa meza alikuwa amebaki muuguzi mmoja mfupi, Sista Nafula, anapanga makaratasi.

Anti akauliza mama yake yuko wapi. Sista akapitisha kidole kwa orodha. "Dorina? Huyu hakuja."

Mimi nikafungua mdomo. Mnanijua. Nikamwambia haiwezekani, wamempoteza mama ya watu, wameruka jina, hawana mpango, nitawapeleka mahali watajua hawajui. Sista aliniangalia tu vile unaangalia redio ya jirani. Akasema, "Kijana, hakuja." Akafunga daftari.

Tukaenda nyumbani kwa Dani. Alikuwa nje, anamenya njugu, amekasirika. Hakugeuka hata.

"Kama mmekuja kunipeleka mko bure," akasema. "Hao madaktari ni waongo. Jirani alinipeleka jana vile nilimwambia, nikakaa huko mpaka jua ikashuka. Mbuzi ilikuja. Daktari hakuna."

Anti akashika kichwa. "Jana? Mama, ni leo! Ni leo Jumatano!"

"Kalenda yenu inasema Tich Ariyo. Jana."

"Dani," nikasema, na sauti tayari imepanda, "kalenda yangu haiwezi kusema hivyo!"

"Kuja hapa, wewe mwenye kelele."

Akaingia ndani, akatoa karatasi kwa msumari bila kutafuta. Akaweka kwa meza. Halafu akafanya kitu sikuwa nimewahi kumwona akifanya, na miaka yote nilikuwa namtumia karatasi. Aliweka kidole kwa ukingo wa kushoto wa karatasi, akaanza kusukuma kwenda kulia, sanduku moja moja, midomo inatembea.

"Jumapili," sanduku ya kwanza. "Wuok Tich," ya pili. "Tich Ariyo." Kidole ikaangukia nukta. Akaigonga mara mbili. "Hapa. Nimekosea wapi?"

Nikainama. Juu ya hiyo sanduku ya tatu kulikuwa kumeandikwa Jumatano, wazi kabisa, kwa herufi ndogo safi nilikuwa najivunia. Ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Jumapili ilikuwa imesukumwa mwisho wa mstari. Wiki yote ilikuwa imesogea sanduku moja. Mtu anasoma majina, haoni shida. Lakini Dani hakuwa anasoma majina. Hakuwa anaona majina. Alikuwa anaona nukta na kuhesabu kutoka ukingoni, na ukingo ni mimi nilihamisha.

Anti aliniangalia. Hakupandisha sauti. "Omondi. Nani aligusa hii?"

Kulikuwa na maneno mengi yamejaa kwa mdomo yangu. Ningesema ni simu. Ningesema ni kompyuta, ni Tanzania, ni jirani na pikipiki yake hakujua siku. Yote ilikuwa imejipanga.

"Ni mimi, Anti."

Dani naye akarudi kwa njugu zake, anasikiliza. Halafu Anti akasema, "Sawa. Kesho wako Port Victoria. Tafuta gari."

Hapo ndipo mngeona mtu ni nani. Tukiwa bado huko, mwenyekiti wa ile chama ya kina mama akapiga simu, amesikia, akamwambia Anti afukuze huyo kijana kabla hajamaliza watu. Alikuwa kwa spika, nikasikia yote. Anti akamjibu, "Kelele ni yake. Kalenda ni yetu." Akakata. Mkisikia mtu anamsema vibaya Anti Rispa, niiteni. Nitatoka Ahero na matope kwa miguu.

Tulitoka alfajiri na Probox ya mtu, tukapita Bondo, Dani ameketi mbele na kitambaa kichwani kama anaenda harusi. Port Victoria walikuwa wamepewa ukumbi wa kanisa karibu na pale wanaanika omena, dagaa yetu ya ziwa. Laini ilikuwa imefika nje. Na kwa meza, nani? Sista Nafula.

"Wewe tena," akasema.

"Ni mimi, Sista."

"Umekuja kunipeleka pale nitajua sijui?"

Anti akaeleza pole pole. Sista akasikiliza, akafungua daftari, akatingisha kichwa. "Jina yake ilikuwa ya Kombewa, na hakutokea. Ya leo imejaa. Nikimwingiza yeye, namtoa mtu amelala hapa nje."

Nilisikia hasira inapanda, ile inaanzia kwa magoti. Dani haoni, lakini alijua. Akanishika shati kwa nyuma, akavuta. "Nyathina," akasema, mtoto wangu, "meza."

Nikameza. Ilikuwa kama kumeza mfupa wa samaki mbuta.

"Sista," nikasema, "jana nilikutukana bure. Huyu mama hakukosa kuja. Alikuja mapema siku moja, akakaa mchana wote. Kalenda ndiyo ilimdanganya, na hiyo kalenda nilitengeneza mimi. Nilibadilisha kitu na sikuangalia. Usimhesabie yeye."

Akaniangalia upya. "Wewe ndiye wa ile kalenda ya Kiswahili? Ya simu?"

"Ndio."

"Hata mimi niko nayo." Akaitoa kwa mfuko, akaishika mbali na uso. "Sasa niambie. Leo ni siku gani?"

"Alhamisi, Sista."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

"Muite mwingine athibitishe."

Laini yote ikacheka. Mzee mmoja wa samaki akapaza sauti kutoka nyuma kwamba ni Alhamisi, yeye anajua kwa sababu mke wake amemkasirikia tangu Jumanne. Sista akaandika kitu. "Akae mwisho kabisa. Presha ya mtu ikipanda, ama mtu asipokuja, anaingia. Hakuna ahadi. Na wewe ukifungua hiyo mdomo hata mara moja, anatoka."

Kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Sikusema kitu. Mnaelewa hiyo ni masaa ngapi kwa mtu kama mimi? Na Dani alijua amenipata. Alimwambia kila mtu kwa laini. "Huyu ndiye alinitengenezea wiki. Wiki ya kwake haina Jumapili mbele, iko nyuma kama mkia." Watu wanacheka, mimi nimebana midomo. Yule mzee wa samaki akakuja karibu, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Kijana, Krismasi mwaka huu itakuwa mwezi gani?" Nikaangalia juu. Dani alicheka mpaka machozi ikatoka kwa macho hayaoni.

Lakini nilikuwa na laptop. Nikaketi chini ukutani nikaanza kurekebisha. Nilirudisha KE, hiyo ilichukua dakika. Halafu nikajua haitoshi, kwa sababu kesho mtu mwingine mjanja ataitoa. Nikaweka swali: mtu akifungua app mara ya kwanza, inamuuliza wiki yako inaanza siku gani, na ikishajibiwa hakuna update inaruhusiwa kugusa jibu. Yake ni yake. Nikaongeza jaribio inatembea yenyewe kila tukibadilisha code, inaangalia sanduku ya kwanza kwa kila lugha tunatumia, na ikipata imehama inakataa kuendelea. Hiyo bado iko. Mkiiona inawakatalia, msiitukane, ni mimi.

Na jaribio ya mwisho haiko kwa kompyuta. Chapisha karatasi. Mpe mtu. Usimwambie "soma." Mwambie, "Nionyeshe na kidole Jumatano iko wapi." Halafu usiangalie karatasi, angalia kidole inaanzia wapi. Nilifanya hivyo hapo kwenye laini, na mwezi nilichora kwa karatasi, kwa ishara, kama bubu. Watu kumi, na mmoja alianza kutoka kulia. Sikuwahi kufikiria kulia.

Saa tisa kasoro, kukasikika presha ya baba mmoja imekataa kushuka, ameambiwa aende hospitali kwanza. Sista akatoka kwa mlango. Akaangalia laini, akaangalia Anti. Akaniangalia mimi, midomo imebana kama mfuko ya plastiki imefungwa.

"Dorina aingie," akasema. "La kulia tu leo. Tuone."

Anti alimshika mkono mpaka mlangoni, na hapo Sista akampokea. Nilisimama nje pale wanaanika omena. Kama hiyo jicho ingekataa, hakuna mtu angenilaumu kwa mdomo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Anti alikuja akasimama kando yangu. Akanipa chupa ya maji.

Dani alitoka na bandeji, analalamika njaa. Tukalala kwa ukumbi na wengine, wameambiwa bandeji inatolewa asubuhi.

Asubuhi Sista Nafula alipita mtu kwa mtu. Akafika kwa Dani. Akatoa plasta pole pole, akapangusa na pamba, akamwambia afungue. Dani akafungua, akafunga, akafungua tena. Macho ikatoa machozi.

Akamwangalia Anti Rispa aliyekuwa mbele yake. Akanyoosha mkono, akashika shavu.

"Rispa," akasema. "Umezeeka."

Anti alicheka na kulia kwa wakati moja, kelele ikatoka kama ya mtu anakohoa. Dani akageuka kwangu. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa, bila haraka, vile mtu anaangalia ng'ombe ameambiwa ni mnono.

"Na huyu mwembamba ni nani?"

"Ni mimi, Dani. Omondi."

"Wewe?" Akamgeukia Anti. "Hiyo kelele yote ilikuwa inatoka kwa huyu?"

Hata Sista alilazimika kuketi. Alipomaliza kucheka akachukua kadi, akaandika tarehe ya kurudi kuangaliwa, na ile ya jicho la pili chini yake, akainyoosha. Mkono yangu ilikuwa imeshatoka na simu, tayari, nimefungua app, nimeweka jina ya Dani.

Dani akaweka kiganja juu ya simu, akaisukuma chini. Akachukua kadi yeye mwenyewe, akaishika karibu na dirisha.

"Wewe kaa," akasema. "Hii nitasoma."